Leza haifuti tatuu, inapasua wino tu, kusafisha ni kazi ya mwili wako

Tuanzie kwenye hina maana hii kila mtu anaijua. Bibi harusi anapakwa hina au piko leo, wiki mbili zikipita imebaki kama kivuli, ya tatu haipo, na hakuna aliyeisugua. Hina inakaa kwenye ngozi ya juu kabisa, ile inayopukutika kila siku bila sisi kuona, kwa hiyo ngozi ikipukutika rangi nayo inaenda. Tatuu ni habari nyingine, sindano inapitiliza hiyo ngozi ya juu na kuacha wino chini yake, milimita moja au mbili hivi, na huko hakupukutiki kitu.

Ila usidhani mwili umekaa kimya tu. Wino ukiingia, kuna seli za ulinzi zinaitwa makrofaji, wewe ziite wazoa taka, zinakuja mbio kuumeza kama zinavyomeza vijidudu. Zinaumeza kweli, tatizo haziwezi kuusaga, na chembe zenyewe ni kubwa mno kubebwa kwenda mbali, basi zinabaki nao tumboni palepale. Ile rangi unayoiona mkononi kwa mtu sehemu kubwa ni seli zilizovimbiwa wino. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba hata seli hizo zikifa, wino zinaouacha unamezwa tena na seli mpya za jirani, yaani taka inapokezwa mkono kwa mkono ila mtaani haitoki. Ndo maana mzee aliyechorwa nanga enzi za ubaharia bado anayo, imefifia kidogo na kutanuka lakini ipo.

Hapa sasa ndo leza, mashine ya mwanga mkali wa rangi moja, inaingia, na hapa ndo watu wengi wanaelewa vibaya, wanadhani ni kama kifutio cha penseli. Leza haisugui, hainyonyi, haitoi kitu. Kazi yake moja tu, kupasua. Umewahi kuona kina mama wanaogonga kokoto pembeni ya barabara? Jiwe kubwa halibebeki, ukilipasua likawa kokoto mtu anajaza ndoo anaondoka nayo. Leza inagonga, wazoa taka wanabeba. Ukishika hilo, mambo mengine yote ya leza utayaelewa, kwa nini unaambiwa usubiri wiki nane, kwa nini tatuu ya kifundo cha mguu inachelewa kuliko ya shingo, kwa nini sigara inaharibu.

Inapasuaje bila kukuchoma? Chukua glasi ya kawaida iliyotoka kwenye friji umwagie chai ya moto ghafla, inapasuka pwaa, maana upande mmoja umetanuka kabla mwingine haujapata habari. Chembe ya wino inafanyiwa hivyohivyo. Inapigwa mwanga mkali kwa muda mfupi kiasi kwamba inapata moto na kutanuka kabla joto halijapata nafasi ya kuvuja kwenda kwenye nyama iliyo jirani. Hesabu ya jambo hili iliandikwa mwaka 1983 na madaktari wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish: chagua rangi ya mwanga ambayo kitu unachokilenga kinaipenda, na piga kwa muda mfupi kuliko ule ambao kitu hicho kinahitaji kupoa. Leza zilikuwa zimeshajaribiwa kwenye tatuu tangu miaka ya 1960, ila mambo mawili haya ndo yalifanya iwezekane kupiga wino na kuiacha ngozi nzima.

Muda mfupi ni mfupi kweli. Mashine za siku nyingi zinapiga kwa nanosekunde chache, yaani sekunde iliyogawanywa mara bilioni, na ndani ya nanosekunde moja mwanga wenyewe unatembea sentimita 30 tu, rula moja ya shule. Za kisasa zaidi, zilizoruhusiwa Marekani kuanzia 2012, zinapiga kwa pikosekunde mia kadhaa, na pikosekunde moja ni nanosekunde iliyogawanywa mara elfu. Ile ya zamani inakupa kokoto, hii mpya inasogea kwenye mchanga. Kwa wino mweusi zote zinafanya kazi nzuri, faida ya ile mpya inaonekana zaidi kwenye rangi sugu, kwa hiyo ukiona mtu anatangaza mashine ya piko kana kwamba tatuu inatoka kwa mara moja, huyo anauza maneno (na piko hapa ni ya pikosekunde, sio ile ya harusini).

Habari ya rangi sasa. Shati jeusi juani linaunguza kwa sababu jeusi linameza kila mwanga, na wino mweusi hivyohivyo, ndo rahisi kuliko yote. Wino mwekundu ni mwekundu kwa sababu unaurudisha mwanga mwekundu, kwa hiyo ukiupigia mwanga mwekundu unakucheka, unataka wa kijani, nanomita 532 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo kinachotofautisha rangi moja na nyingine). Wino wa kijani kinyume chake, unataka mwekundu, 694 au 755. Yaani tatuu ya rangi nne inaweza kuhitaji zaidi ya aina moja ya mwanga, na kama klinik ina mwanga mmoja tu, rangi zingine zitabaki.

Sisi wenye ngozi nyeusi tusome hapa vizuri. Leza haijui tatuu, inajua rangi, na ngozi yetu ina rangi yake, melanini, na melanini imekaa juu ya wino kama pazia. Mwanga ukiingia inauwahi. Matokeo yake ni kuungua, halafu doa jeupe au jeusi zaidi lenye umbo lilelile la tatuu, sasa umefuta jina na jina bado linasomeka. Mwanga ambao melanini inaujali kidogo ni ule mrefu wa nanomita 1064, na bahati nzuri ndo huohuo unaopiga wino mweusi. Kwa hiyo swali la kwanza ukifika klinik sio bei, ni mashine inapiga nanomita ngapi, na la pili kama watajaribu sehemu ndogo kwanza wakasubiri wiki kadhaa waone ngozi inavyojibu. Moto unaanza mdogo unapandishwa taratibu. Asiyeelewa maswali hayo, aga uondoke. Kama una historia ya makovu yanayovimba na kukua, keloidi, sema mapema. Na tatuu za kijani na nyekundu kwenye ngozi yetu nyeusi tii ni kazi ngumu kwelikweli, maana mwanga unaozipiga ndo huohuo melanini inaupenda, wakati mwingine jibu la uaminifu ni kuziacha au kuchora juu yake.

Siku yenyewe inakuwa hivi. Unapakwa ganzi ya krimu kama saa moja kabla, unavaa miwani maalum na usiivue kwa utani, ule mwanga wa 1064 jicho haliuoni lakini unaweza kulipofua. Kisha inaanza ta ta ta. Maumivu watu wanayafananisha na kupigwa na mpira wa manati au yale mafuta yanayorukia mkono ukikaanga samaki, ila tatuu ndogo inaisha ndani ya dakika chache. Ngozi inageuka nyeupe palepale kama imemwagiwa unga, usishtuke, ni viputo vya gesi, ndani ya nusu saa vimepotea. Halafu wekundu, uvimbe, na siku ya kwanza au ya pili malengelenge yanaweza kutokea. Usiyapasue. Paka vaselini, funika, jua lisikuguse hapo, baharini usiende mpaka pafunge.

Na usitarajie kuona kitu wiki ya kwanza, kumbuka kokoto zimepasuliwa ila bado ziko site. Kufifia kunakuja polepole wiki sita, nane, mpaka miezi, na ndo maana kurudi mapema hakuongezi kitu zaidi ya hatari, unagonga kokoto ambazo ndoo bado hazijaja. Mara ngapi? Italia walifuatilia watu 352 kwa mashine za nanosekunde, wakachapisha 2012: baada ya mara 10 waliotoka vizuri walikuwa asilimia 47 hivi, baada ya mara 15 asilimia 75 hivi, na wavuta sigara walikuwa nyuma sana. Damu ikipita vizuri taka inabebeka, ndo maana shingo na kifua vinawahi, mguu unachelewa. Tatuu ya kuchorwa mtaani na mtu asiye fundi huwa inatoka haraka kuliko ya fundi mzuri kwa sababu wino wake ni kidogo, hapo aliyedhulumiwa anapata nafuu.

Piga hesabu mwenyewe basi, mara 10 kwa wiki nane ni zaidi ya mwaka. Nasema hivi kwa ajili ya vijana wanaosubiri tangazo la ajira za polisi Tanzania, lile lenye mstari wa mwombaji asiwe na michoro mwilini, tangazo likishatoka umeshachelewa. Haraka hiyo ndo inapeleka watu kwenye asidi ya betri na pasi ya moto. Hizo nazo haziondoi wino, zinaondoa ngozi na kukuachia kovu. Mashine ya kutoa nywele nayo sio leza ya tatuu hata kama zinafanana, inapiga kwa milisekunde, nanosekunde milioni moja, muda huo joto linavuja kotekote na unaungua. Nyusi na midomo ya kuchorwa saluni kuwa makini nayo zaidi, wino wa rangi ya ngozi, waridi au mweupe unaweza kugeuka mweusi ukipigwa leza.

Na mzigo wenyewe unaenda wapi? Sehemu inatoka na magamba ya ngozi, sehemu inapita kwenye mishipa ya limfu, mifereji inayokusanya majimaji ya mwili, na nyingine inaishia kwenye tezi zinazoyachuja, tuseme dampo. Madaktari wa upasuaji wamekuta tezi za kwapani nyeusi kwa watu wenye tatuu za mkono, hata ambao hawajawahi kupigwa leza, maana wino kidogo huwa unavuja huko wenyewe. Mkono unaweza kuwa msafi kabisa, kwapani wino bado upo.