Napoli Ilikuwa Bandari, Haikuwa Kijiji cha Babu Yako

Wiki hii nimeletewa tena ombi lile lile, safari hii na familia moja ya New Jersey: baba wa babu yao alikuwa mtu wa Napoli, Italia, karatasi ya kuthibitisha wanayo, na kilichobaki ni mimi kuwatafutia cheti chake cha kuzaliwa, kwa kuwa kazi ngumu wameshaimaliza wenyewe. Karatasi hiyo ni nakala ya orodha ya abiria ya mwaka 1909, na jina la Napoli limo kweli, juu kabisa ya ukurasa, mahali panapotajwa bandari iliyoondokea meli. Chini yake wamepangwa abiria thelathini ambao, kwa hoja hiyo, wote wangepaswa kuwa wazaliwa wa Napoli, wakiwamo wawili ambao mstari wao unasema wazi kwamba wametoka Calabria, eneo jingine la kusini mwa Italia.

Kazi yangu ni kutafuta nasaba za Waitalia waliohamia Marekani, na sijui imani nyingine inayowapotezea watu muda na fedha kuliko hii ya kudhani kwamba bandari aliyoondokea mtu ndiko alikozaliwa. Kati ya mwaka 1880 na 1924 Waitalia zaidi ya milioni 4 walikwenda Marekani, wengi wao wakiwa watu wa vijiji vya kusini, na Napoli ilikuwa bandari yao kuu. Waliteremka kutoka milima ya Basilicata, Abruzzo, Molise na Calabria, wakaisubiri meli, wakapanda, wakaondoka. Kwa wengi wao, kukaa Napoli kulianza na kuishia katika foleni ya bandarini.

Kosa hilo lingekuwa dogo kama Italia ingekuwa na daftari moja la taifa zima. Vizazi, ndoa na vifo viliandikwa komune kwa komune, yaani kila mji au kijiji chenye utawala wake, na komune za Italia ni karibu 7,900. Kitabu kimoja kilibaki katika ofisi ya komune, nakala yake ikapelekwa mahakamani, na nakala hiyo hatimaye ikahamia katika hifadhi ya nyaraka ya serikali. Picha za vitabu hivyo ndizo zinazopatikana bure katika tovuti ya Antenati. Watu huingia humo, huandika jina la ukoo, hawapati kitu, kisha hutangaza kwamba kumbukumbu ziliteketea vitani. Mara nyingi hazikuteketea. Ni sehemu tu ya vitabu hivyo iliyokwisha kuorodheshwa kwa majina. Vilivyobaki hufunguliwa kwa komune na mwaka, ukurasa baada ya ukurasa, na asiyeijua komune hana mahali pa kuanzia. Ndiyo maana kijiji cha Italia hutafutwa kwanza katika karatasi za Marekani.

Naomba nikae kidogo katika jina hilo la Napoli, kwa sababu hata wanaoikubali hoja ya bandari hudhani kwamba wakilikuta katika safu ya mahali pa kuzaliwa, basi mjadala umekwisha. Mhamiaji aliyeulizwa na karani wa Marekani alikotoka alitaja jina ambalo karani angelitambua, kama vile mtu wa Mkuranga aliyeko Ulaya anavyosema ametoka Dar es Salaam, na hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Napoli ingeweza kuwa mji. Ingeweza kuwa mkoa wenye komune nyingi. Kwa mzee aliyezaliwa kabla ya mwaka 1861, Italia ilipoungana kuwa nchi moja, ingeweza kuwa ufalme mzima, ambao mji wake mkuu ulikuwa Napoli na ambao kwa upande wa kaskazini ulifika hadi Abruzzo.

Isitoshe, mipaka ya mikoa yenyewe haikutulia. Mkoa wa Caserta, ambao kwa jina la zamani uliitwa Terra di Lavoro, ulifutwa mwaka 1927 na ardhi yake ikagawanywa: Nola ikawekwa Napoli, Cassino ikawekwa katika mkoa mpya wa Frosinone, na Gaeta ikapelekwa Roma kabla ya kuhamishiwa mkoa ambao leo unaitwa Latina. Caserta ilirudishwa kuwa mkoa mwaka 1945, lakini haikurudishiwa vyote ilivyonyang'anywa. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Nola mwaka 1890 anaweza kuandikwa kuwa wa Caserta katika karatasi ya mwaka 1910 na wa Napoli katika karatasi ya mwaka 1942, na karatasi zote mbili zikawa sahihi, huku wajukuu wake wakigombana ni ipi iliyodanganya. Majina nayo yalibadilika: Girgenti iliitwa Agrigento mwaka 1927, Terranova di Sicilia ikawa Gela mwaka huo huo, na Castrogiovanni ndiyo Enna ya leo. Tena yapo majina yanayojirudia. San Marco in Lamis iko mkoa wa Foggia, San Marco Argentano iko Cosenza, San Marco dei Cavoti iko Benevento, na makarani wengi waliona maneno San Marco yanatosha.

Kuhusu jina la ukoo linalosemekana kubadilishwa Ellis Island, kituo cha kukagulia wahamiaji huko New York, nitapita haraka, kwa kuwa limeshajibiwa na wengi. Orodha iliandaliwa na kampuni ya meli kabla ya safari, na mkaguzi wa Ellis Island aliwahoji watu akiwa ameishika mkononi; kumpa mtu jina jipya hakukuwa sehemu ya kazi yake. Giuseppe alijifanya Joseph mwenyewe, baadaye, kazini au mtaani. Katika orodha mtafute kwa jina la Kiitalia, na mke wake mtafute kwa ukoo wa baba yake, maana kwa kawaida wanawake wa Kiitalia waliandikwa kwa ukoo wa kwao hata walipokuwa wamefuatana na watoto wenye ukoo wa mume.

Orodha za abiria kuanzia mwaka 1907 ni kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto una makazi ya mwisho pamoja na jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Ukurasa wa kulia, baada ya maswali kuhusu fedha, afya na kama abiria ni mfuasi wa siasa za vurugu, unamalizia kwa mahali pa kuzaliwa. Familia ya New Jersey ilisoma kichwa cha ukurasa wa kushoto, ikairuka safu ya makazi ya mwisho, na ukurasa wa kulia haikuuhifadhi kabisa. Katika safu waliyoiruka pana neno linaloanza kwa "Cal" na kumezwa na doa la wino. Linaweza kuwa Calitri au Calabritto, zote za mkoa wa Avellino. Linaweza kuwa Calvello ya Potenza. Hapo ndipo kazi inapoanza, na dawa ya kwanza ni kutafuta safari nyingine za mtu huyo huyo. Wanaume wengi walikwenda na kurudi zaidi ya mara moja, orodha zenyewe huuliza kama abiria amewahi kuishi Marekani na lini, na kila karani alikuwa na sikio lake na mwandiko wake. Jina lililoharibiwa kwa namna tatu tofauti husomeka kwa urahisi kuliko lililoharibiwa mara moja.

Baada ya hapo hufuata ombi la uraia, lakini angalieni tarehe. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Septemba 1906 ilileta fomu za aina moja zinazodai mahali pa kuzaliwa na maelezo ya kuwasili. Kabla yake mahakama nyingi ziliridhika na neno Italia. Kadi za kujiandikisha jeshini za Juni 1917 huuliza mahali pa kuzaliwa, za Septemba 1918 haziulizi, na za Aprili 1942, zilizowahusu wanaume wa makamo na wazee, huuliza tena. Msidharau parokia. Amri ya Kanisa Katoliki iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908 ilimtaka padri aliyefungisha ndoa aijulishe parokia ya ubatizo, kwa hiyo daftari la ndoa la Marekani wakati mwingine linataja kanisa la kijijini ambalo hakuna karatasi nyingine inayolitaja.

Majirani nao ni ushahidi, kwa kuwa watu walihama kwa kuvutana. Roseto ya Pennsylvania ilianzishwa na watu wa Roseto Valfortore, na wanaobeba mnara wa giglio kwa heshima ya San Paolino huko Williamsburg, Brooklyn, waliurithi kutoka Nola. Lakini mtakatifu peke yake hatoshi. San Rocco huheshimiwa katika vijiji vingi mno kusini, na aliyejiunga na chama cha kusaidiana chenye jina la San Rocco huenda alikifuata kwa ajili ya bima ya mazishi tu. Ramani zinazoonyesha jina la ukoo limeenea wapi zina uzito mdogo zaidi kama ushahidi: kwa ukoo adimu zinaweza kukupeleka mlangoni, na kwa ukoo ulioenea kama Russo zitakuonyesha Italia yote.

Sasa tuseme komune imepatikana na vitabu vimefunguliwa. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo babu mmoja mwenye wana watano anaweza kuwaachia kijiji wajukuu watano wenye jina moja na ukoo mmoja, waliozaliwa ndani ya miaka michache. Tarehe ya kuzaliwa haiwatenganishi kila mara, kwa sababu tarehe waliyoitaja Marekani mara nyingi haikulingana na ya kitabuni. Jina la mama hutenganisha, ikiwa limeandikwa mahali fulani Marekani. Lisipoandikwa, ninachokuwa nacho ni uwezekano mkubwa, nami huuita hivyo katika ripoti, hata kama mteja angependa neno zito zaidi.

Katika hali hiyo kimbilio langu ni liste di leva, orodha za walioitwa jeshini kwa mwaka wao wa kuzaliwa, ambazo humtaja kijana pamoja na baba na mama yake. Tuseme nimebaki na binamu wawili, wote Giuseppe wa ukoo mmoja: mmoja alifika kupimwa. Mwingine ameandikwa kuwa mtoro, na karani akaongeza kwamba yuko Amerika. Huyo wa pili ndiye ninayemfuata kwanza, ingawa hata yeye simwamini moja kwa moja, kwa kuwa binamu aliyepimwa na kumaliza utumishi wake naye angeweza kupanda meli miaka mitatu baadaye. Kwa huyo aliyepimwa, urefu wa mwili umeandikwa katika orodha ya jeshi, na orodha za abiria za baada ya 1907 zinao pia, lakini jeshi lilipima kwa kipimo na makarani wa meli walikadiria kwa macho, kwa hiyo tofauti ya sentimita tano hainisumbui. Tofauti ya sentimita ishirini hunirudisha kwenye vitabu vya komune.