Jinsi India ilivyoziba mianya katika sheria yake ya mahari

Mahari inayozungumziwa hapa si ile anayotoa mume. Katika jamii nyingi za India, wazazi wa binti ndio wanaotoa fedha, dhahabu, samani au hata pikipiki kwa mkwe na jamaa zake, na desturi hiyo ndiyo iliyopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1961, ambayo iliitaja mahari ya ndoa ya Kiislamu na kuiweka kando.

Sheria hiyo ilikuwa na jina kali kuliko meno yake. Adhabu haikuzidi kifungo cha miezi sita na faini ya rupia 5,000, na aliyedai mahari hakuweza kushtakiwa bila idhini ya serikali. Kubwa zaidi, upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kwamba mali ilitolewa kuwa malipo ya ndoa yenyewe; waliosema ni zawadi tu mara nyingi waliponea hapo. Marekebisho ya 1984 yalifuta sharti la idhini na kutosheka na mali iliyotolewa "kuhusiana na ndoa". Mwaka 1986 kifungo cha chini kwa kutoa au kupokea kikawa miaka mitano, na aliyeshtakiwa kwa kupokea au kudai mahari ndiye akatakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia.

Lakini kwa maoni yangu hatua nzito zaidi ilikuwa katika sheria ya jinai. Ukatili wa mume au jamaa zake ulifanywa kosa mwaka 1983, na miaka mitatu baadaye likaja kosa la kifo cha mahari: mke akifa kwa moto, kwa majeraha au kwa namna isiyo ya kawaida ndani ya miaka saba ya ndoa, na ikathibitika kwamba muda mfupi kabla ya kifo alisumbuliwa kwa ajili ya mahari, mahakama huchukulia kwamba waliomsumbua ndio waliosababisha kifo. Adhabu yake huanzia miaka saba hadi kifungo cha maisha, na kanuni mpya ya adhabu iliyoanza kutumika Julai 2024 imeibakiza.

Hata hivyo, zaidi ya vifo 6,000 vya aina hiyo viliandikishwa mwaka 2022. Mzazi aliyetoa mahari naye ni mkosaji kisheria, na ingawa tangu 1986 maelezo ya aliyedhulumiwa hayawezi kutumiwa kumshtaki yeye mwenyewe, wengi husita kufika polisi hadi binti amekwisha kufa.

Mahakama nazo zimekuwa zikiamua nini hasa ni mahari. Mwaka 2022, katika kesi ya kifo cha mke mmoja, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba fedha za kujengea nyumba si mahari eti kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyewaomba ndugu zake. Ilisema aliomba kwa kushurutishwa, ikarudisha hatia ya mume na baba mkwe.