Usinunue Katoni Nzima

Januari, mama mmoja wa Kahawa Wendani anayemsomesha mwanawe nyumbani alinipigia simu akiwa na katoni mezani: vijitabu vya gredi ya nne, masomo yote, vimeagizwa kutoka Marekani. Nilipofika sikuifungua. Nilimpa mwanawe penseli na hesabu moja: 402 kutoa 178. Akaandika 376.

Jibu ni 224, lakini lile kosa lilinifaa kuliko ripoti yoyote. Kijana alikuwa akitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Kukopa alikujua kwa jina tu. Tukafunga njiti za kiberiti kumi kumi kwa raba, akawa anafungua furushi kila anapoishiwa na mamoja. Hisabati hainunuliwi kwa umri. Mpime mtoto, kisha nunua pale alipokwama, hata kama ni kitabu cha gredi ya pili. Kijana huyuhuyu alisoma hadithi ya Kiingereza ya gredi ya tano bila kusita.

Kiswahili hakikuwemo katonini hata ukurasa mmoja, na hapa ndipo wazazi wengi wa Nairobi hujikwaa. Mimi huanza na orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya. Kwa anayeanza kusoma, silabi zinatosha: irabu ni tano, na akishika ba, be, bi, bo, bu, safari imeshika kasi. Ila usizihamishie kwenye Kiingereza. Atakusomea "come" kama "ko-me". Kiingereza kina kitabu chake cha sauti za herufi. Kwa mkubwa anayesema "kitabu yangu", mazoezi ya kujaza mapengo husaidia kidogo sana. Msomeshe hadithi kwa sauti kila siku, umtupie na ukurasa wa gazeti la Taifa Leo, mpaka sikio lenyewe likatae "yangu".

Sayansi ya kuagizwa si mbaya, mradi ukae naye. Kitabu kile kilimwambia Julai ni wakati wa jua kali, na sisi Julai tunatafuta sweta. Dhania kwenye kopo la rangi hapo kwenye roshani itamfunza mimea vizuri zaidi.

Kabla ya kutoa pesa nyingi, amua atafanya mtihani gani. Ukifuata CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, kuna mtihani wa KPSEA gredi ya sita na wa KJSEA gredi ya tisa, na mtoto lazima asajiliwe kwenye kituo cha mtihani. Tafuta kituo mapema, usingoje mwaka wenyewe. Ukielekea IGCSE, mtihani wa kimataifa wa mfumo wa Uingereza, vitabu vya sekondari vifuate silabasi ya huko.

Yule mama alibaki na vijitabu vya Kiingereza na sayansi. Vya hisabati viko juu ya kabati, na njiti za kiberiti bado ziko mezani.