Mchina akisema "open the light": dhana potofu kuhusu kitenzi open

Watu wakimsikia Mchina anasema "open the light" wanacheka, eti Kiingereza hajui kabisa. Jamani, hajabahatisha, amefuata lugha yake! Kichina kina kitenzi kai na hicho kai kinapiga kazi kibao: kai men kufungua mlango, kai deng kuwasha taa, kai che kuendesha gari, kai hui kufanya mkutano, mpaka kai wanxiao, yaani kutania. Sasa ukikariri kwamba kai ni open basi taa utai-open, TV utai-open, kumbe Mwingereza hapo anataka turn on, na gari anataka drive. Na sisi tusijifanye wajanja, mbona redio tunaifungulia?

Dhana nyingine eti shida yao ni ile -ed ya wakati uliopita tu, maana vitenzi vya Kichina havibadiliki, iwe jana iwe kesho kai ni kai. Inawasumbua ndiyo, hata waliosoma miaka mingi inawaponyoka wakiongea haraka. Ila kuna pengine wanaiweka na haitakiwi. Duka liko wazi, mtu anasema "the shop is opened", kwa sababu likifungwa ni "the shop is closed" kwa hiyo anaona zinalingana, kumbe la kwanza ni open bila -ed, na ukisema "the shop is close" unaeleweka duka liko karibu. Hapo mimi namlaumu Kiingereza mwenyewe.

Eti "the door opened" itamchanganya Mchina, mlango umejifunguaje? Wala, kwao ni men kai le, vilevile bila mtu. Sisi wa kufungua na kufunguka ndo tunaweza kubabaika zaidi.

Halafu hii ya kwamba ukishajua maana ya neno umemaliza. Kwenye gaokao, mtihani wa kuingia chuo, Kiingereza kawaida kina alama 150 kati ya 750, kwa hiyo vijana wanakariri orodha ndefu, neno moja maana moja. Akaunti ya benki haina shida, kai hu, open an account, zinakutana. Ila daktari wa meno akikwambia "open your mouth" kwa Kichina ni zhang zui, kufumbua macho ni zheng yan, na kai haimo.