Je, wajua kwa nini nahodha wa Kigoma hatii nanga mbele ya mwamba?

Ukikodi boti kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga, Kigoma, kwenda kutembelea ghuba na miamba ya Ziwa Tanganyika, kuna jambo litakushangaza. Mnafika mbele ya mwamba unaopendeza kuliko yote, maji maangavu hadi unawaona samaki wakidonoa mwani kwenye mawe, nawe unasubiri nanga itupwe. Nahodha hatupi. Anaiacha mashine ikinguruma taratibu, omo, yaani mbele ya boti, ameuelekeza kwenye mawimbi, mnatazama weee, kisha anawapeleka ghubani. Si uvivu wala haraka ya kurudi. Ni hesabu ya kamba.

Ziwa hili limelala ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, katikati ikadidimia, kingo zikabaki zimesimama. Ukiwa Hifadhi ya Gombe, kilomita kama 16 kaskazini ya mji, unauona mlima ukipanda kutoka usawa wa ziwa, mita 773 juu ya bahari, hadi zaidi ya mita 1,500 ndani ya kilomita chache tu. Mteremko huo hauishii ufukweni. Unaendelea kushuka chini ya maji, na panapozidi kina ziwa hufika mita 1,470. Kwa hiyo kwenye rasi ya mawe, boti iliyo karibu kabisa na ukingo inaweza kuwa inaelea juu ya mita 30 au 40 za maji. Macho nayo hudanganya: maji maangavu hufanya chini paonekane karibu, jiwe unalodhani liko mita sita kumbe liko nane.

Sasa, nanga haiishikilii boti kwa uzito wake tu. Hushika kwa kulala chini na kuvutwa kwa ubavu mpaka makucha yazame. Kamba ikisimama wima, kila wimbi linainyanyua nanga, nayo inaanza kuburuta. Ndiyo maana kamba hutakiwa iwe mara tano ya kina kukiwa shwari, mara saba upepo ukianza. Kina cha mita 5 kinataka kamba ya mita 25, hilo linawezekana. Kina cha mita 40 kinataka mita 200, mzigo ambao boti ndogo haibebi, na hata ingeubeba, ingezunguka duara kubwa kiasi cha kuufikia mwamba wenyewe. Tena ukuta wa mawe hauvunji wimbi, hulirudisha. Linalokuja hukutana na linalorudi, boti inarukaruka bila mpangilio.

Ghubani mambo ni mengine. Vijito vimeshusha mchanga miaka na miaka, kina kinapungua polepole, na rasi inakinga upepo. Hata mji wa Kigoma umekua kwa sababu ya ghuba: ghuba yake ina kina cha kutosha meli, na rasi ya Bangwe inaikinga upande wa kusini. Ujiji, ulio mkongwe zaidi, uko kwenye ufuko wa wazi wenye maji mafupi. Reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914 iliishia Kigoma.

Kutia nanga ghubani kuna utaratibu wake. Pima kina kwa kamba yenye fundo kila mita, usikisie. Elekeza omo kwenye upepo, isubiri boti isimame na ianze kurudi nyuma yenyewe, ndipo uishushe nanga kwa mkono. Ukiirusha, kamba inajifunga kwenye makucha. Funga kamba omoni. Ukifunga tezi, yaani nyuma ya boti, ambako tayari kuna uzito wa mashine, mawimbi yanaingia ndani. Kisha chagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, tuseme mwembe na paa la nyumba nyuma yake. Boti huyumba kidogo huku na huku, hilo ni kawaida; lakini vitu hivyo vikizidi kuachana bila kurudi, nanga inaburuta: ongeza kamba au anza upya. Chini kukiwa na mawe, nanga ya nondo ndiyo nafuu, kwani ikinasa makucha hukunjuka ukivuta kwa nguvu. Nanga nzuri ya dukani ifungie kamba ya pili kichwani, yenye kiboya, uing'oe kwa nyuma.

Saa nazo zina maana. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini hupita kwenye ziwa lenye urefu wa kilomita 673, na mawimbi yanapata nafasi ndefu ya kukua. Asubuhi mara nyingi ndiyo tulivu, basi miamba itembelewe mapema na ghuba ziachwe baadaye. Mafuta gawa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe.

Kuhusu kuogelea, ghuba tulivu yenye majani na kijiji jirani ndiyo inayowapenda konokono wa kichocho. Penye mawe na mawimbi hatari ni ndogo, ingawa haiishi.

Na mapango? Usitarajie yale ya Unguja, ambako mvua imeyeyusha mawe ya matumbawe. Mawe ya hapa ni magumu. Mawimbi hupanua nyufa zilizokuwepo, kwa hiyo mengi ni mianya myembamba. Boti yenye mashine isiingie: wimbi moja linatosha kuibamiza darini na kuvunja rafadha, ile panga inayosukuma boti. Ingia kwa mtumbwi mdogo na kafi, na kwanza uangalie mwezi gani. Maji hupanda hadi Aprili na Mei, hushuka kuelekea Oktoba na Novemba. Mwanya ulioupita ukiwa umekaa wima mwezi wa kumi, mwezi wa tano unaweza kukulazimisha kuinama, na ziwa lilivyojaa miaka ya karibuni, mingine haina tena mlango unaoonekana.