Mgomba wa mapambo nao ni mgomba: kabla hujabeba chipukizi, soma hapa

Mvua zikishaanza tu na simu zinaanza, huyu anataka ile migomba myekundu ya kuweka getini, yule ana lodge anataka mistari miwili kuanzia barabarani mpaka mapokezi, na karibu wote wanauliza kitu kimoja, miche nitaipata wapi kwa bei poa. Ulizeni kwanza mche umetoka wapi, bei itafuata.

Mambo ya samadi, maji na jua siyagusi, hayo mnayajua. Ila hili la "huu hauliwi, ni ua tu, hauna magonjwa" jamani sisi wakaguzi wa mimea tumelisema mpaka basi. Ile mikubwa yenye majani mekundu, ensete, ni ndugu wa karibu kabisa wa migomba yetu ya kula, na mnyauko bakteria, ule wa Kagera wanaouita unyanjano, ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Ethiopia kwenye ensete hiyohiyo, ndio baadaye ukaja kuonekana Uganda 2001 na kwetu Kagera 2006. Hata ile mifupi yenye vindizi vya pinki vyenye manyoya, vinavyojimenya vyenyewe vikiiva, nayo inaugua. Na jirani yako anayetegemea ndizi kulisha watoto hajali kama ugonjwa umetoka kwenye pambo.

Kingine, ensete kwa kawaida haitoi machipukizi. Inaota kwa mbegu, inatoa ua mara moja, inakufa. Ukiuziwa "chipukizi la ensete" jua kisiki kimekatwakatwa ndio kikachipua, sasa uliza kilikatwa kwa kisu gani na mama yake alikuwa mzima au vipi. Mbegu au miche ya maabara ni salama zaidi.

Kuhusu kuagiza nje, utaratibu uko hivi na haurukwi: unaomba kibali cha kuingiza mimea TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kabla mche haujaondoka huko uliko, halafu wenzetu wa nchi hiyo wanakagua na kutoa cheti cha afya ya mimea, halafu ukifika mpakani au uwanja wa ndege unatoa vyote viwili kwa mkaguzi bila kusubiri kuulizwa, naye akiona inafaa anaweza kuuweka mche karantini kwanza. Kibali kinaombwa kabla, sio mzigo ukishafika ndio unakimbizana. Na "nimebeba kamoja tu kwenye begi" haibadilishi kitu. Mche usio na karatasi unazuiwa, unarudishwa au unateketezwa, gharama juu yako, na Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ina faini na kifungo pia. Hatufurahii kuchoma maua ya mtu. Ila Msumbiji mnyauko wa fusari, ugonjwa wa kuvu unaoua migomba, ule mkali unaoitwa TR4, ulionekana 2013, na vimelea vyake vikishaingia kwenye udongo vinakaa miaka na miaka, dawa hakuna.

Hata ndani ya nchi, usitoe machipukizi Kagera au Kigoma ukayapeleka kwingine. Kigoma kuna virusi vinavyofanya majani mapya yawe mafupi, membamba, yamesimama na kubanana juu kama ufagio, na vinabebwa na vidukari weusi wanaojificha pale jani linapokumbatia shina.

Mafundi bustani, hapa nawaomba sana. Panga moja linapunguza majani nyumba tano kwa siku, na ndio njia rahisi kuliko zote ya kusambaza bakteria. Kila ukimaliza mgomba mmoja, lichovye kwenye jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tano, au lipitishe kwenye moto mpaka lisishikike. Kulifuta na kitambaa haisaidii.

Ukiona majani yananyauka huku bado mabichi, kata shina kidogo usubiri dakika chache, likitoa utomvu mzito wa njano kama usaha, acha hapohapo. Usihamishe kitu, na tafadhali usituletee kipande cha shina ofisini kwenye mfuko wa rambo, maana njia nzima unamwaga ugonjwa. Piga picha, safisha panga, mpigie afisa ugani wa kata yako aje aone palepale.