Jeshi la akiba ni nini, na kwa nini Wakenya hatulijui?

Jioni moja hapa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kijana alimuuliza sajini mstaafu tunayeishi naye ploti moja: "Mzee, vita ikizuka leo, nyinyi mliotoka jeshini mtaitwa?" Mzee akajibu kwa maneno matatu: "Sisi ni akiba." Kijana akatikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha mzee alipoingia ndani akaninong'oneza: "Kwani mzee ni KPR?"

Kosa la yule kijana, la kuchanganya jeshi la akiba na KPR, yaani polisi wa akiba, ni la wengi wetu. Na sisi wa Lanet, tunaoamka kila siku jirani na Chuo cha Kijeshi cha Kenya, tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua jambo hili.

Jeshi la akiba ni sehemu ya jeshi la nchi iliyo na watu ambao siku za kawaida ni raia. Ni mwalimu, muuguzi, fundi wa mitambo, mkulima wa Njoro. Amefunzwa silaha na nidhamu ya kambi, jina lake limo katika daftari la jeshi, na sheria imemfunga kwa ahadi moja: akiitwa, ataacha alichokishika, atavaa sare na kuripoti. Asipoitwa, maisha yake yanaendelea kama ya jirani yake. Mafunzo, daftari na ahadi, vyote vitatu lazima viwepo. Mstaafu mwenye ujuzi wote wa vita lakini asiyedaiwa chochote na jeshi ni mstaafu tu. Na kijana aliyejiandikisha bila kupiga kwata hata siku moja ni jina kwenye karatasi.

Watu huingia humo kwa njia mbili. Wapo waliotumikia jeshi la kudumu, mkataba ukaisha, wakarudi nyumbani wakiwa bado wanadaiwa miaka kadhaa ya kuweza kuitwa tena. Wapo pia wanaotoka uraiani moja kwa moja, wakafunzwa, kisha wakawa wanakutana wikendi na kwenda kambini kwa siku chache kila mwaka. Nchi nyingine zina aina zote mbili kwa pamoja.

KPR ni kitu tofauti. Polisi wale wa akiba walianzishwa mwaka 1948, enzi za ukoloni, na leo wanatambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Ndio tunaowajua kutoka Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, wanaolinda vijiji na mifugo yao wenyewe, na kwa miaka mingi walifanya hivyo bila mshahara. Wao wako chini ya Inspekta Jenerali wa Polisi, wala hawahusiani na Mkuu wa Majeshi. Tena kazi yao ni ya kila siku, palepale kwao. Askari wa akiba wa jeshi husubiri mwito, na mwito ukija unaweza kumpeleka mbali sana na kwao. NYS nayo, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, hata kama vijana wake wa Gilgil hupiga gwaride safi, si jeshi la akiba. Ilianzishwa 1964 kwa kazi za ujenzi wa taifa na mafunzo ya ufundi.

Nchi inataka akiba kwa sababu jeshi ni ghali. Askari wa kudumu hula, hulala, huvaa na kulipwa kila mwezi, vita iwepo isiwepo. Lakini vita ikija, idadi iliyotosha kulinda mipaka wakati wa amani haitoshi tena, na mtu hafunzwi kuwa askari kwa wiki moja. Ndipo nchi zikaona ni bora kufunza wengi, kuweka wachache kambini, na wengine kuwaacha wajitafutie riziki zao.

Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo, ndiyo iliyoonyesha njia. Baada ya Napoleon kuipiga vibaya mwaka 1806, mkataba wa 1808 uliizuia kuwa na askari zaidi ya 42,000. Ikawa inawafunza vijana kwa muda mfupi, inawarudisha makwao, na kuchukua wengine. Mwaka 1813, ilipoinuka tena dhidi ya Wafaransa, iliita pia wanamgambo wake, walioitwa Landwehr. Mwaka 1870 majeshi ya Ujerumani yaliita askari wa akiba na kuwapakia kwenye treni kwa kasi ambayo Ufaransa haikuifikia. Baada ya vita hiyo karibu kila dola kubwa ya Ulaya ikaiga mtindo huo.

Uingereza ilichelewa. Kikosi chake cha raia wa kujitolea kilipangwa upya mwaka 1908 na waziri wa vita Richard Haldane, kwanza kwa ajili ya kulinda kisiwa chao tu. Watu wake hawakulazimika kwenda ng'ambo. Ilipofika 1914 ilibidi waombwe kukubali, na wengi wakakubali. Marekani nayo ilianza akiba yake ya jeshi mwaka huohuo wa 1908, na wa kwanza kuandikwa walikuwa madaktari. Mimi huipenda habari hiyo kwa sababu inatuonyesha jambo tunalolisahau: mara nyingi jeshi halikosi mtu wa kushika bunduki. Hukosa mpasuaji, mhandisi wa madaraja, mtaalamu wa kompyuta, watu ambao haliwezi kuwalipa mwaka mzima wakati hakuna kazi yao.

Marekani pia ina kikosi kingine, National Guard, ambacho kila jimbo lina chake. Gavana hukiita wakati wa mafuriko au moto wa nyika, na Rais anaweza kukichukua kwa vita. Kile cha Massachusetts huhesabu umri wake tangu 1636, na tangu 2015 ndicho mshirika wa mafunzo wa majeshi yetu ya Kenya. Sisi wa magharibi mwa nchi, ambao kila msimu wa masika huangalia Nyando na Nzoia zikivunja kingo, tunaweza kupima wenyewe faida ya kuwa na watu waliofunzwa, wanaoishi papo hapo Ahero au Budalang'i, wanaoweza kuvaa sare saa ileile maji yanapoingia.

Kwa nini basi neno hili ni geni kwetu? Hapa ndipo penye uzito kwangu.

Ukoloni ulituletea jeshi lenye milango miwili. Mwafrika aliingia King's African Rifles, ambayo babu zetu waliiita Keya, iliyoundwa 1902. Vijana wengi wa Nyanza na wa nchi ya Waluhya walikuwa Keya, na katika Vita Vikuu vya Pili walipelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Mlango wa pili ulikuwa Kenya Regiment, iliyoanzishwa 1937. Hilo ndilo lilikuwa jeshi la akiba hasa: mlowezi alikuwa na shamba lake au ofisi yake, akifanya mazoezi kwa muda wa ziada, na vita ilipoanza wengi wakawekwa kuwa maofisa na masajini juu ya askari wa Keya. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake halikumpokea Mwafrika. Miaka ya hali ya hatari, kuanzia 1952, vijana wa Kizungu walilazimishwa kupitia mafunzo hayo, na kituo chake kikaja kuwa hapahapa Lanet. Lilivunjwa 1963, uhuru ukiwa mlangoni. Kwa hiyo jeshi hilo la akiba lilikuwa la kumlinda mlowezi na shamba lake. Watu wetu hawakuwa na sababu ya kulililia.

Kisha ikaja Januari 1964. Askari wa Tanganyika waliasi tarehe 20, wa Uganda tarehe 23, na usiku wa tarehe 24 wakaasi wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles hapa Lanet. Uasi ulizimwa na wanajeshi wa Uingereza katika nchi zote tatu, lakini baada ya hapo kila nchi ikashika njia yake. Nyerere alilivunja jeshi lake lote na kujenga jingine, JWTZ, tarehe 1 Septemba mwaka uleule, akitaka jeshi linalotokana na wananchi. Mwongozo wa chama chake, TANU, wa 1971 ukasisitiza mafunzo ya mgambo kwa raia. Idi Amin wa Uganda alipoivamia Kagera mwaka 1978, mgambo waliingia vitani bega kwa bega na JWTZ. Ndiyo maana ukimtajia Mtanzania jeshi la akiba, hakuulizi maana yake. Jirani zetu wa Uganda nao, ukivuka tu Busia au Malaba, wana kikosi cha akiba chenye kamanda wake ndani ya jeshi lao, UPDF.

Kenya ilichagua jeshi dogo la wanaojitolea, linalokaa kambini, mbali na siasa na mbali na mitaa. Nadhani uasi wa Lanet uliwatia viongozi hofu ya kutawanya mafunzo ya silaha kwa raia, na siwezi kuwalaumu kwa hilo. Jambo hilo lilikuwa na faida yake. Lakini lilitufanya tuwe raia tusiojua jeshi letu linavyoweza kukua siku ya shida.

Kisheria, akiba haikufutwa. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya 2012 inatambua askari wa akiba pamoja na wale wa kudumu, na Katiba katika kifungu cha 241 imeweka mipaka inayolihusu jeshi zima: kulinda nchi, kusaidia wakati wa maafa na kutoa taarifa kwa Bunge la Taifa, na kutuliza ghasia ndani ya nchi kwa idhini ya Bunge hilo pekee. Kwa hiyo sajini wetu hakukosea. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kijana.

Nchi zinazotumia akiba kwa dhati zimegundua kwamba shida kubwa haiwi silaha. Ni mwajiri. Askari wa akiba anapoitwa, nani atamhifadhia kazi yake? Uingereza na Marekani zina sheria zinazomzuia mwajiri kumfuta mtu kwa sababu ameitwa jeshini, na mtu huyo akirudi hupewa nafasi yake. Sheria za namna hiyo humtazama mtu mwenye barua ya ajira na mshahara wa benki. Hapa kwetu wengi hawana. Fundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, akiitwa kwa miezi sita, nani atawajibu wateja wake, na kodi ya kibanda italipwa na nani?